Ubani wa Masista

Juzi mjukuu wangu alikuja nyumbani na rafiki yake wa shule, msichana mpole wa Chakol mwenye msalaba mdogo shingoni. Ilikuwa Ijumaa, na mimi Ijumaa sikosi kufukiza. Makaa yalikuwa yameshika kwenye chetezo, ubani umeanza kutoa moshi, na yule mtoto alipofika mlangoni akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Bibi, huku kwenu kunanukia kanisa." Mjukuu wangu akamfinya. Mimi nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa, na watoto wakatazamana wakidhani bibi amepatwa na jambo. Hawakujua kwamba moshi huo huo nusura unitoe shuleni nikiwa na umri wao.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Busia ya siku hizo ilikuwa barabara moja na maduka machache, na mpaka wenyewe mtu aliuvuka kununua ndizi kwa Waganda akarudi kabla chai haijapoa. Baba yangu, Mzee Sadala, alikuwa na lori. Alibeba pamba, alibeba samaki wakavu kutoka ziwani, na alikuwa mtu wa maneno machache ambaye neno lake likitoka halirudi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Bibi, mama yake baba, alitoka Mumias, na Waislamu wa Mumias wa wakati wake hawakuona lugha nyingine ya maana. Bibi alikuwa mwembamba, meno ya mbele hana hata moja, na ulimi wake ulifanya kazi yake na ya meno pia. Akisoma Kurani, kila penye sini, ile s ya Kiarabu, ulitoka mluzi mdogo. Sisi wajukuu tulidhani ndivyo ilivyoteremshwa.

Nilipofaulu mtihani wa shule ya msingi, nafasi niliyopata ilikuwa kwa masista, shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni, kwenye njia ya kwenda Malaba. Jina lake silitaji. Waliosoma pale wanaijua, na wasiosoma pale haiwahusu. Masista hawakuficha walichokitaka. Kila mzazi aliambiwa vilevile: binti akiingia hapa anaandaliwa kwenda chuo kikuu. Si kufuma vitambaa vya meza, si kungojea mume. Haya, fikirieni wenyewe. Siku hizo msichana aliyemaliza shule ya msingi tu alionyeshwa kwa kidole sokoni, halafu mtu anakwambia chuo kikuu.

Aliyepinga ni shangazi. Yeye alikuwa Malaba, ana nyumba ya wageni karibu na stesheni, na alikuwa ameshanitafutia mchumba, karani wa mizigo wa reli aliyefiwa na mkewe, mtu wa swala tano na redio ya betri. "Sadala," alimwambia baba, "utawapelekea masista Zena, watakurudishia Magdalena."

Baba akamchukua Bibi wakaenda kuitazama shule. Walipokaribishwa barazani, Bibi hakutazama madarasa wala bweni. Aliwatazama masista wenyewe, vichwa vimefunikwa, mikono imefunikwa, kanzu mpaka visiginoni. "Hawa wamejisitiri kuliko binti zako wote ukiwakusanya," akamwambia baba. "Mwache mtoto asome." Baba akakubali, lakini akaweka neno, kwanza mbele ya wazee wa msikiti na halafu mbele ya Sista mkuu mwenyewe. "Nikisikia tu Zena ameingia dini yenu, siku hiyohiyo namtoa, na karani wa Malaba anaoa." Sista akasema amesikia, naye anatoa neno lake. Basi mimi niliingia kidato cha kwanza na harusi yangu inaningojea nje ya lango.

Sista mkuu aliitwa Sista Benedikta. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono mikubwa ya mkulima, na Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni, kwa hiyo kilinyooka kuliko chetu sote. Alitufundisha Kilatini, na jioni akisimama dirishani, filimbi ya treni ikisikika kwa mbali upande wa Malaba, alikuwa akisema, "Sikilizeni. Kule inakokwenda ndiko chuo kikuu kilipo. Nanyi mtapanda." Alisema kama anayetangaza chakula cha jioni. Baada ya muda na sisi tukaanza kuliona jambo hilo la kawaida.

Siku ya kwanza nilipoingizwa kanisani pamoja na wenzangu, kukaa tu nyuma na kutulia, nilikuwa nimejikunja kwa woga. Halafu nikasikia harufu. Ubani. Ubani wa nyumbani kwetu, wa Ijumaa, wa nguo za Bibi. Mimi nilijua ubani ni wetu, kama vile kofia ya baba ni ya baba. Nikaamini kabisa kwamba Sista Benedikta amesikia kuna mtoto wa Kiislamu, akatafuta ubani amfukizie ili asione ugeni. Nilikaa pale nikiona nimeheshimiwa mno. Hata leo nikikumbuka nalipenda kosa lile.

Kwenye Kilatini sikuwa na mpinzani. Wenzangu walihangaika kushika yale maneno, mimi nilikuwa nimetoka madrasa, na mtoto wa madrasa kushika maneno asiyoyaelewa ndiyo kazi yake. Nilikuwa nikikaa na kuyumba mbele nyuma, mbele nyuma, macho nimefumba, mpaka ukurasa mzima umeingia. Mara ya kwanza Sista aliponiona alidhani naumwa tumbo. Akanishika bega. "Zena, unahitaji dawa?" Nikamjibu, "Hapana Sista, nasoma." Nikamsomea ukurasa wote bila kuangalia. Akauliza nani alinifundisha kusoma hivyo. Nikasema mwalimu wa madrasa. "Ukienda nyumbani," akasema, "mpe shukrani zangu." Nilipompelekea salamu hizo, mwalimu alizirudia kwa kila aliyekuja msikitini mwezi mzima.

Sasa mtoto mwenye kumbukumbu, mwenye sauti iliyozoea kusoma kwa mahadhi, ataachwa akae nyuma? Sista alinisikia nikiimba nikifua nguo, akaniingiza kwaya. Misa ya siku zile iliimbwa Kilatini tupu, na mimi niliimba vile nilivyosoma, kwa sauti yote, bila kujua neno. Ilipofika sikukuu ya mtakatifu wa shule, wakaja wazazi, wakaja mapadri, kanisa likajaa hadi nje. Padri akaanza mstari, na sauti ya kwanza kupokea ilikuwa yangu. Kredo yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Chetezo kilikuwa karibu yetu na moshi ulituingia mpaka kwenye sweta. Nilijisikia mtu mkubwa.

Tukiwa tunarudi bwenini, Perpetua akanishika mkono. Perpetua Amoit alikuwa Mteso wa Chakol, kitanda chake kando ya changu, rafiki wa kweli aliyenifichia viazi vitamu vya futari mwezi wa Ramadhani. Akaniambia kwa furaha, "Wewe leo umeimba mpaka mama yangu amelia. Sasa na wewe ni wetu."

"Wenu namna gani?"

"Si ile yenye umeimba ni Nasadiki? Unasema unaamini Baba, unaamini Yesu, unaamini Kanisa, ubatizo, yote. Ni kama kuapa." Akaniona nimesimama. "Kwani hukuwa unajua?"

Lazima niwaeleze nilichokuwa nacho kichwani, la sivyo mtaniona mjinga. Baba alikuwa na mpakizi wa mizigo aliyeitwa Omoding. Siku moja Omoding alipanda ngazi za msikiti wa Busia, akatamka shahada mbele ya watu, maneno yasiyozidi pumzi mbili, na akashuka ngazi zilezile akiitwa Abdalla, watu wanamkumbatia. Niliona kwa macho yangu. Na mwalimu alikuwa akitufundisha hivyohivyo, kwamba mlango wa dini ni ulimi: ukitamka mbele ya mashahidi, umeingia. Na mimi nilikuwa nimetamka yao, si mbele ya mashahidi wawili, mbele ya kanisa zima na mapadri. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Nilikuwa Mkristo.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa ajabu. Nikisimama kuswali naona haya, nisiposwali naona haya zaidi. Nikipita mbele ya sanamu ya Bikira Maria sijui nimsalimie au nishike njia yangu. Chakula kilinishinda. Usiniulize mbona sikumwambia mtu, ningemwambia nani? Nikimwambia Sista atafurahi, nikimwambia baba ndio mwisho wa masomo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kupenda shule vibaya sana. Nilipenda hesabu, nilipenda ramani, nilipenda hata ile kengele ya asubuhi. Kila filimbi ya treni niliyoisikia sasa ilikuwa ya karani.

Siku ya wazazi baba akaja na lori, Bibi ameketi mbele na kapu la mandazi. Tukakaa kwenye benchi la baraza. Bibi akanivuta kifuani kama kawaida yake, akatia pua kwenye sweta, akanusa.

"Ubani," akasema kwa furaha. "Unaona, Sadala? Mtoto yuko ugenini na Ijumaa hajaisahau."

Nikaangua kilio. "Bibi, si wa Ijumaa. Ni wa kanisani." Na likishatoka moja, yote hutoka. "Baba, mimi nimeshakuwa Mkristo."

Baba hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Walikumwagia maji?"

"Hapana. Niliimba. Nilitamka imani yao yote kwa mdomo wangu, mbele ya watu."

Akafikiri. Yeye pia alikuwepo siku ya Omoding. "Maji au si maji," akasema, "neno ni neno. Kalete sanduku lako."

Nikaenda bwenini, nikaanza kukunja nguo zangu. Perpetua alikuwa pale. Alipoona sanduku la bati liko wazi kitandani alitoka mbio. Nami niliporudi barazani nikiburuta sanduku langu, Sista Benedikta alikuwa ameshafika, anahema, chaki mikononi.

"Mzee Sadala, nimeambiwa unamchukua Zena."

"Sista, tulipeana neno."

"Tulipeana. Na hakuna aliyembatiza."

"Amekiri dini yenu kwa ulimi wake. Kwetu sisi hilo linatosha."

Sista akanigeukia. Nilitegemea atacheka, au atanikemea kwa kuwa kasichana kadogo kalikoleta aibu kubwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Zena, ulipokuwa ukiimba, ulijua maana ya maneno?"

"Hapana, Sista. Nilijua mahadhi tu. Maana aliniambia Perpetua tulipotoka."

Uso wake ukawa mwekundu tangu shingoni. Ndipo Bibi, aliyekuwa muda wote akila mandazi yake mwenyewe, akakohoa.

"Mumias," akasema, "palikuwa na mzee ana kasuku. Kila asubuhi kasuku anatoa salamu, anasema bismillahi, mtu akipiga chafya anamshukuru Mungu kwa niaba yake. Siku alipokufa, Sadala, tulimzika kwa sanda?"

"Mama, hili si la mzaha."

"Na mimi sifanyi mzaha. Nia iko wapi? Pasipo nia hata swala si swala, itakuwa wimbo?"

"Kwa hiyo mjukuu wako ni kasuku."

"Ni kasuku kwa sasa. Ukimtoa leo ukamwoza, atabaki kasuku. Mwache asome mpaka ajue anachokisema."

Nilimwona baba akijaribu kuzuia mdomo wake usicheke, na mdomo ukimshinda pembeni. Lakini bado alikuwa amesimama, ufunguo wa lori mkononi. Aliyemaliza kazi ni Sista. "Kosa ni langu," akasema. "Nilisikia sauti nzuri, nikasahau ni ya mtoto wa nani. Mzee, sisi tuliahidi kumwandaa aende chuo kikuu. Hatukuahidi kumgeuza. Kuanzia leo haimbi kwaya." Wenzangu, kaeni mkijua kwamba askofu alikuwa anatarajiwa hivi karibuni, na kwaya ile bila mimi ilikuwa, bila kujisifu, kuku bila chumvi. Sista alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alisema bila kusita.

"Sauti isipotumika inakufa," Bibi akadakia. "Lori linapita hapa kila Jumamosi kwenda Malaba. Nitashuka hapa nimsomeshe Kurani, na baba yake akirudi ananichukua. Mnacho chumba?"

Sista akasema kipo. Baba akanitazama mimi, akalitazama sanduku, akatia ufunguo mfukoni. "Rudisha hilo," akasema. Nililibeba kichwani mbio kama halina kitu ndani.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi kwa Jumamosi, Bibi alishuka kwenye lori na mkeka wake, akaketi chumba cha wageni cha masista. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Moyo wa Yesu. Bibi aliipa mgongo kwa adabu, akaanza kunisomesha. Sista Benedikta alikuwa akiketi pembeni, anasahihisha kazi zetu za Kilatini, kwa sababu alisema chumba kile kina mwanga mzuri. Bibi alimwambia baba kwamba yule sista ni mtu mwema isipokuwa chai yake ni maji ya kuoshea vikombe. Wiki iliyofuata akaja na tangawizi, akaingia mwenyewe jikoni kwa masista kuwafundisha kupika chai.

Karani wa Malaba alichoka kungoja, akaoa kwingine, na shangazi hakutusalimu kwa muda mrefu. Mimi nilisoma. Nilipanda ile treni, kama tulivyoambiwa, nikaketi dirishani nikaiona stesheni ya Malaba ikirudi nyuma na nyumba ya shangazi kando yake. Nimefundisha watoto wa watu mpaka mvi zikanijaa. Kila nilichokula, nilichovaa na nilichokijua kilianzia baraza lile, na nawashukuru wote waliokuwa pale, wa mkeka na wa msalaba, na sijawahi kuona sababu ya kuchagua nimshukuru nani zaidi.

Lakini kabla ya treni kulikuwa na msiba. Nilikuwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho umekaribia, Abdalla, yule aliyekuwa Omoding, alipotumwa na baba kunichukua. Bibi alikuwa ameondoka alfajiri, amelala tu. Sista Benedikta alisema tutakwenda sote. Akanipakia mimi na Perpetua kwenye gari la shule, akaendesha mwenyewe hadi Busia.

Wanawake walikuwa wamejaa chumbani, ubani unafuka, shangazi ameketi karibu na chetezo na uso wake mkavu. Walipomwona Mzungu mwenye msalaba kifuani anavua viatu mlangoni, minong'ono ikapita. Akakaa ukingoni. Mama mmoja akasema tusome Fatiha, mikono ikainuliwa, tukasoma kimyakimya, kila mtu akajipangusa uso. Ndipo tukasikia sauti moja bado inaendelea. Ilikuwa ndogo, haina haraka. Sista alikuwa amefumba macho, viganja wazi, anasoma Fatiha yote, na kila penye sini na swadi ulitoka mluzi mdogo.

Alikuwa amejifunza kwa kusikiliza tu, kwenye pembe ile yenye mwanga mzuri, na kwa kuwa mwalimu wake hakuwa na meno, alikuwa ameushika na ule mluzi. Sauti ilikuwa ya Sista, usomaji ulikuwa wa Bibi mtupu. Watu wote waliomjua Bibi walijua wanamsikia nani.

Alipomaliza akafumbua macho, akaona tumemkodolea. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sista akaona haya, uso ukawa mwekundu tangu shingoni, kama siku ile ya sanduku.

"Usiwe na wasiwasi, Mzee Sadala," akasema. "Mimi ni kasuku tu."

Baba akavua kofia. "Hapana, Sista," akasema. "Kasuku hatoi machozi."

Shangazi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, na chetezo akakivuta kikawa katikati yao.